Sifa za Kinu cha Kavimvira

Kavimvira ndio mtaa wa mwisho wa Uvira kabla ya mpaka wa Burundi. Malori hupita hapo yakielekea Gatumba na Bujumbura, pikipiki hupiga honi tangu alfajiri, na akina mama wachuuzi hupanga foleni penye kizuizi, mabeseni kichwani. Nyuma ya kelele hizo, kwenye vichochoro vinavyoteremka hadi Ziwa Tanganyika, bado ipo lupango moja moja, yaani ua wa nyumba, ambamo mchi unasikika.

Nilisimama kwenye lupango ya namna hiyo asubuhi ya Jumamosi, nikamtazama mama mmoja mzee akitwanga sombe, majani ya muhogo. Kitenge amekifunga barabara kiunoni, ndala amezivua, miguu ameitanua pande mbili za kinu. Mchi unapanda na mkono wa kulia, unashuka, unapokewa na wa kushoto. Kati ya pigo na pigo, mkono ulio huru unaingia kinuni, unayageuza majani yaliyopanda kandokando na kutoka kabla mchi haujarudi. Hatazami kinu hata kidogo. Anaongea na jirani juu ya bei ya makala ya kupikia, anamwamuru mjukuu afukuze kuku, na mkono unaingia na kutoka bila kukosea. Baadaye anachota kidogo kwa ncha za vidole, anasugua kwa kidole gumba, anahisi uzi mmoja wa jani ambao haujalainika, anarudisha. "Bado," anasema, bila kuambiwa na mtu, na kazi inaendelea.

Tunao mafundi wengi tunaowasifu: wachonga mitumbwi, washona vitenge, wahunzi wanaokata mapipa yakawa mbabula, majiko ya makala. Sijasikia mtu akimwita fundi mama anayelisha watu kumi kwa majani, kikombe cha ndakala, dagaa wetu wa ziwani, na kijiko cha mawese. Tunasema anajikaza. Tunasema anavumilia. Tunasema wanakula hivyo kwa kuwa hawana. Mimi naamini tumewavunjia heshima wazazi wetu kwa maneno hayo. Kupika vizuri kwa kidogo, kununua kwa akili, kutengeneza mwenyewe kinachohitajika nyumbani: hayo ni matawi ya ufundi mmoja, na ufundi huo una kanuni zake, una wanagenzi wake, na una watu waliofikia kilele chake ambao majina yao hayajaandikwa popote.

Kanuni ya kwanza iko shambani. Mama yangu hakuchuma majani ya muhogo ovyo. Alichuma ncha, yale machache ya juu yaliyo laini, kisha akahamia shina lingine, kwa sababu shina lililochumwa lote halizai mizizi mizuri, na anayetaka sombe leo atataka bugali mwakani. Alichuma asubuhi, kabla jua halijayakausha. Nyumbani aliyatoa vikonyo, akawapa mbuzi vikonyo hivyo, kisha akayachovya majani kwenye maji ya moto mpaka yakanyauka na kubadilika rangi. Hapo ndipo kinu kilipoletwa, na pamoja na majani ziliingia pilipili mboga na majani ya kitunguu, vitwangwe pamoja vishikane.

Kisha sufuria, na hapo ndipo watu wengi wa siku hizi wanapoharibu. Sombe ya mama ilichemka muda mrefu bila kifuniko na bila tone la mafuta. Tukiwa watoto wenye njaa tulimsihi aweke mawese mapema ili harufu yake itufariji. Alikataa. "Iache kwanza itoe ukali," alisema, na alijua ukali umetoka kwa pua yake: mvuke wa mwanzo una harufu kali ya ukijani, halafu unafika wakati harufu hiyo inalegea na kuwa tamu. Ndipo mawese yakaruhusiwa kuingia.

Nilipokua nikasoma kwamba jani la muhogo limebeba kitu kinachozaa sumu ya sianidi. Jani likipondwa, vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kukivunja kitu hicho na kuitoa sumu, na kwa kuwa sumu yenyewe huyeyuka kuwa hewa kwenye joto dogo tu, la nyuzi 26 hivi, mchemko wa sufuria iliyo wazi huifukuza sehemu kubwa yake iondoke na mvuke. Kutwanga hadi uzi wa mwisho, kuacha wazi, kusubiri: kila hatua aliyokuwa akiishikilia mama ilikuwa na sababu ya uhai wetu. Nikasoma pia kwamba jani hilohilo, likikaushwa, robo ya uzito wake au karibu na hapo ni protini. Wataalamu wa lishe walipima hayo kwa mashine. Mama zetu walikuwa wamekwisha kuyapanga kwenye sahani, sombe kando ya bugali wa muhogo ambao peke yake haujengi mwili wa mtoto.

Kanuni ya pili iko sokoni, na soko la Uvira linasomwa kwa mwezi wa angani. Ndakala huvuliwa usiku. Zamani walitumia mienge ya nyasi na nyavu ndogo za mkono zinazoitwa lusenga. Zikaja karabai katika miaka ya 1950, pamoja na mitumbwi iliyofungwa miwili miwili na wavu kushushwa katikati. Leo zipo taa za betri. Lakini samaki bado ni yuleyule, anafuata mwanga gizani. Mwezi unapopevuka, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu tena, na wavuvi hupumzika. Soko nalo linakauka. Ndakala wachache wanaopatikana hupanda bei, na anayenunua wakati huo analipia usingizi wa wavuvi.

Mama aliujua mwezi kuliko kalenda ya ukutani. Katika siku za giza, mitumbwi iliporudi alfajiri imejaa, alishuka ufukweni mwenyewe, akanunua beseni la ndakala wabichi kwa bei ambayo wiki mbili baadaye isingempatia hata vikombe vichache vya wakavu. Aliwachagua kwa macho na kwa kidole: wanaong'aa kama fedha, tumbo halijapasuka, na ukiwabonyeza mwili unarudi. Aliwatandaza juu ya wavu mkuukuu uliofungwa kwenye miti minne nyuma ya nyumba, juu ya ardhi, mahali penye upepo, na sisi watoto tukawekwa zamu ya kufukuza kuku na kunguru. Jioni waliingizwa ndani ili umande usiwalainishe. Ndakala wa mama hawakuwa na mchanga hata chembe. Leo ukinunua wakavu sokoni, mara nyingi unanunua na ufukwe wake. Wameanikwa chini, wakakusanywa kwa ufagio, na mlaji anamaliza kazi hiyo kwa meno.

Pale sokoni penyewe mama alikuwa na adabu yake. Hakuanza na bei. Alianza na salamu, na habari za watoto, na pole kwa mvua ya jana. "Mama, umeamkaje?" Kisha akachukua ndakala wachache kiganjani, akawapuliza, akatazama vumbi lililobaki. Unga ulipimwa kwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya watoto lililogeuka kuwa kipimo chetu cha Kivu, na macho ya mama hayakuondoka kwenye mkono wa mpimaji, maana kopo linaweza kujazwa kwa ukarimu au kwa hila. Kopo likishamiminwa ndipo aliposema, kwa sauti ya chini yenye heshima, "Na matabishi yangu?" Muuzaji akaongeza kiganja. Kiganja kile hakikuwa sadaka wala wizi. Kilikuwa ni ahadi: utanikuta hapa kesho, nami nitakuja kwako kesho. Kwa matabishi ya wiki nzima mama alipika uji wa asubuhi moja.

Hesabu yote hiyo aliifanya kichwani, na kwa pesa za aina tatu, kwa sababu sisi wa mpakani tunaishi na faranga za Kongo, faranga za Burundi na dola kwa pamoja. Alijua ni nini kinanunuliwa upande huu na nini kinangojewa kutoka Bujumbura, mawese ya Fizi yameshuka lini, mchele wa tambarare ya Ruzizi unavunwa lini. Nyanya alizinunua jioni, wauzaji wanapotaka kurudi nyumbani na mabeseni matupu. Mboga za majani hakuzinunua jioni kamwe. Ukimwona amebeba kikapu chepesi usingedhani kwamba ndani yake kuna hesabu nyingi kiasi hicho.

Ziwa hili limekuwa njia ya jikoni tangu zamani. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka chemchemi za upande wa mashariki, ilivuka maji kwa mitumbwi kuja kukolea vyungu vya huku kwetu. Muhogo wenyewe ulitoka Brazili kwa merikebu za Wareno katika karne ya 16, ukaanzia pwani ya Atlantiki na kusafiri bara mkono kwa mkono, mama kwa mama, hadi ukafika hapa kana kwamba umeota hapa. Wasafiri Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858, Stanley na Livingstone wakafika kaskazini ya ziwa Novemba 1871, na swali lililowaleta lilikuwa kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia, na vitabu vimeandikwa juu ya hilo. Safari ya jani la muhogo mpaka likawa sombe, nani alilitwanga kwanza kwenye ufukwe huu, nani aligundua kwamba ndakala waliokaangwa bila mafuta ndio wanaolikubali, hakuna aliyefunga safari kwenda kuiuliza.

Kanuni ya tatu iko uani. Nyumba yetu haikutupa kitu kabla hakijafanya kazi ya pili. Gunia la mchele likiisha lilijazwa udongo na samadi, likatobolewa ubavuni, likaotesha lenga-lenga kila upande, mboga ya wiki kwenye eneo la hatua moja. Kopo lilikuwa taa. Kitenge kilichochakaa kikawa nepi, kisha kitambaa cha kushikia sufuria, kisha utambi. Na mbabula yetu, ambayo fundi aliikata kwenye bati la pipa, mama hakuitumia kama ilivyotoka kwa fundi. Alileta udongo wa kichuguu, akaufinyanga pamoja na majivu na maji, akaipaka ndani unene wa vidole viwili, akaiacha ikauke kivulini siku kadhaa ili isipasuke. Bati tupu hupoteza moto pembeni, hukuunguza miguu na kula makala. Mbabula iliyopakwa udongo hushika joto kifuani mwake, na sombe, chakula kinachodai moto wa muda mrefu, huiva kwa makala machache. Katika miaka ya 1980 mafundi wa Nairobi waliunganisha bati na udongo wa kuchoma wakapata jiko lililosifiwa Afrika nzima, nao wanastahili sifa hizo. Lakini naomba pawepo na mstari mmoja wa sifa kwa mwanamke wa Kavimvira aliyepaka mbabula yake kwa viganja, kwa kuwa alihesabu kila kipande cha makala na kujua kwamba kila kipande kilikuwa mti mlimani.

Haya yote nayaandika kwa sababu yanaondoka, na yanaondoka huku tukitazama. Sombe sasa inasagwa kwa mashine sokoni na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki. Siwalaumu wanaoinunua, mama anayevuka mpaka alfajiri na kurudi jioni hana saa ya kutwanga. Lakini mashine inasaga ncha na shina, jani changa na lililokomaa, na haina kidole cha kusema "bado." Mpishi hajui jani limechumwa lini wala limenyaushwa au la. Anaitia chumvi-magadi nyingi iive upesi, anaifunika, anamimina mafuta tangu mwanzo, kisha anaona haina ladha, anavunja kidonge cha kiungo ndani yake. Kidonge hicho kinaipa ladha ileile inayopatikana kwenye wali, maharagi na nyama, na watoto wetu wanakua wakidhani kwamba vyakula vyote vina ladha moja yenye majina mengi.

Ziwa nalo linapungukiwa. Mwaka 2003 watafiti walionyesha, katika jarida la Nature, kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto na tabaka la juu halichanganyiki vyema na vilindi vyenye rutuba, kwa hiyo chakula cha samaki kinapungua. Juu ya hayo tumeongeza nyavu za matundu madogo mno na uvuvi wa mazalio ufukweni. Nchi zinazopakana na ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumue, na mwaka 2024 nyumba nyingi zilijikuta bila kitoweo kana kwamba msiba umeingia. Mama yangu angeuliza swali moja tu: wiki za giza zilizotangulia, mlianika nini? Hakuna aliyeanika. Tumezoea kununua cha leo kwa ajili ya leo, na tunaita hali hiyo ugumu wa maisha, bila kuona ni kiasi gani cha ugumu huo kimetokana na kusahau.

Na kusahau kwenyewe tumekufanyia bidii. Tumemwambia binti kwamba kinu ni cha kijijini. Tumempeleka shule, jambo jema kabisa, lakini tukamwondoa jikoni kana kwamba jiko ni adhabu, na mvulana hatukumwita jikoni hata siku moja. Wageni wakija tunaficha sombe na kununua kuku wa barafu. Semina za lishe hufanyika, watu huandika kwenye madaftari kwamba majani ya kijani ni mazuri, na mama mzee aliyeyajua hayo tangu utotoni hukaa nje ya ukumbi akiuza karanga. Hajaalikwa kufundisha. Angeulizwa angesimama na mchi, na darasa lingekwisha kwa chakula cha kuwatosha wote.

Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukabeba watu, nyumba na daraja. Katika miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda na kuingia Kavimvira, na familia zikahama na godoro kichwani. Vita vimetuhamisha mara nyingi zaidi ya maji. Katika uhamisho wa namna hiyo nimeona tofauti ambayo haiandikwi kwenye ripoti. Zipo familia zilizokaa chini na kungoja mgao. Na zipo nyingine, zilizopoteza vilevile, ambamo mama aliomba ruhusa ya kuchuma majani kwenye shamba la mtu, akaazima kinu, akapanga mawe matatu, na kufikia jioni watoto wake na watoto wa wenzake walikuwa wamekula cha moto. Alichokuja nacho mama huyo hakikuonekana kwenye mzigo wake. Maji hayakukipata, wala mwenye bunduki hakujua kukiuliza.

Ndiyo sababu sikubali kuuita ujuzi huo umaskini. Mali yetu imechukuliwa mara nyingi kwenye ufukwe huu. Huu ndio utajiri pekee ambao haujawahi kuporwa, na sasa tunauacha wenyewe, kwa hiari, kwa aibu tusiyoweza hata kueleza imetoka wapi. Wanaoujua wamezeeka. Kila mwaka tunawazika, tunawasifu makaburini kwa ukarimu wao na uvumilivu wao, tunakula wali wa matanga uliopikwa kwa vidonge, na hakuna anayeuliza kinu cha marehemu kinakwenda kwa nani. Mara nyingi kinapasuliwa kuni. Mti ule hukauka miaka mingi kabla haujawa kinu chema, na mkono unaoingia kati ya mapigo bila kutazama huchukua muda mrefu zaidi ya mti. Tukishauchoma moto, hatutaupata mwingine sokoni, hata kwa dola.